Nusu ya Kitenge

"Hapa ndipo wanapofundisha ndoa?"

Benita aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Mlangoni pa nyumba ya misheni, pale Yeoville, Johannesburg, alisimama msichana asiyemjua, mimba imemtangulia, gauni limembana mpaka mshono wa ubavuni umeanza kuachia.

"Karibu ukae kwanza," Benita alisema. "Ndoa haikimbii."

"Yangu inakimbia, Yaya. Kila nikiikaribia inasogea mbele," msichana alijibu, akimwita dada kama wasemavyo Kongo.

Mama Thérèse, aliyekuwa akichambua mchicha kando, alicheka. Misheni ilikuwa na utaratibu wa kutuma watu wawili wawili, na yeye ndiye aliyepangwa kuongozana na Benita kila alikokwenda kufundisha.

"Huyu tumfundishe nini?" alisema. "Mbona anajua tayari?"

Msichana aliitwa Murielle. Alitoka Goma, na sasa alikuwa akisuka nywele mtaa wa Diepsloot. Mwanaume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Shefu kwa kuwa alisimamia walinzi wa jengo moja Sandton, alimwahidi ndoa ya kanisani kabla mtoto hajazaliwa. Lakini kila mchungaji alipokumbusha habari ya mafundisho, Shefu alikuwa zamu. Ndipo mteja mmoja akamnong'oneza Murielle kwamba Yeoville kuna mmisionari kijana anayezifuata familia nyumbani na kuzifundisha kwa Kiswahili.

"Shefu hajui nimekuja," Murielle alisema. "Nataka siku moja arudi kutoka kazini akute mwalimu ameshaketi. Atakimbilia wapi?"

"Tutakuja Jumatano." Benita aliutazama tena ule mshono. "Na hilo gauni litakuaibisha njiani. Tafuta kitambaa, nitakushonea lililo pana."

"Kweli, Yaya? Jumapili kanisani kwetu wanaombea wajawazito. Niko naogopa hata kuinua mikono."

"Jumapili utaiinua. Nakuahidi."

Benita aliahidi kwa moyo mweupe, kwa sababu na yeye alikuwa na harusi yake njiani. Alipomaliza chuo Lubumbashi alijitolea mwaka mmoja wa utumishi, akachagua Johannesburg kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa Mungu. Ya pili ilikuwa Évariste, mchumba wake, aliyetangulia Afrika Kusini na kumwambia kuwa anafanya kazi mgodini Rustenburg. Siku familia zao zilipokutana, mama yake Benita alitandaza kitenge cha samawati chenye ndege wa njano, akakikata katikati kwa mkasi wake mwenyewe. Nusu akampa kijana, nusu akampa binti yake, wazishone siku ya harusi. Nusu ya Benita ilikuwa chini kabisa ya sanduku lake.

Misheni haikuruhusu mtumishi kukutana na mchumba wake peke yao. Évariste aliiheshimu sheria hiyo kuliko hata Benita.

"Njoo Jumapili moja tu," Benita alikuwa akimsihi kwenye simu. "Mama Thérèse atakaa nasi."

"Hapana, chérie, mpenzi wangu. Sitaki kukuharibia utumishi. Maliza mwaka wako wa Mungu, mimi nipo."

Benita alikuwa akikata simu na machozi ya shukrani. Hata Jumanne ile, mtaani Alexandra, alipokuwa akisuluhisha mume na mke waliokuwa hawasemezani, alimtolea mfano.

"Nina mchumba ambaye hajaniona tangu nifike," aliwaambia, "kwa kuheshimu neno tu."

Mke alimgeukia mumewe. "Umesikia wanaume wa wenzangu?"

"Nimesikia," mume alijibu. "Lakini huyo mchumba, eish, ana miguu kweli?"

Walicheka wote. Benita alicheka pia.

Jumatano walifika Diepsloot. Chumba cha Murielle kilikuwa cha mabati, kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa kama cha wageni. Kabla hawajafungua hata Biblia, mwenyeji alivuta mfuko uvunguni.

"Kitambaa ninacho, Yaya. Mama yake Shefu alituma kwa ajili ya harusi yetu. Shefu mwenyewe ameshashona shati lake, kilichobaki ni changu."

Akakitandaza kitandani. Samawati. Ndege wa njano.

Benita aliufuata ukingo kwa kidole. Mahali pamoja mkasi ulikuwa umeteleza, mkato ukapinda, na ndege wa mwisho hakuwa na kichwa. Kichwa chake kilikuwa Yeoville, chini ya sanduku.

"Kizuri, siyo?" Murielle aliuliza.

"Kizuri sana."

"Ngoja niwape chai. Shida maziwa yameisha, Shefu ametoka kununua mkate na sikumwambia."

"Nitaleta mimi," Benita alisema, akainuka kabla Mama Thérèse hajauliza kitu.

Spaza, duka dogo la mtaani, ilikuwa kwenye kona. Alisimama hatua chache kabla ya kuifikia, akapiga simu. Mwanaume mwenye sare ya ulinzi, aliyekuwa amempa mgongo akisubiri mkate dirishani, aliingiza mkono mfukoni.

"Chérie."

"Uko wapi, Évariste?"

"Rustenburg, mpenzi. Ndiyo nashuka chini ya mgodi sasa hivi, huko hakuna mtandao."

"Chukua na maziwa," Benita alisema. "Murielle anasema yameisha."

Évariste aligeuka polepole, simu bado sikioni.

"Benita. Sikiliza."

"Nasikiliza. Kazi yangu wiki nzima ni kusikiliza watu."

"Haikuwa nia yangu. Nilikuwa mpweke. Wewe ulikuwa mbali."

"Nilikuwa Yeoville."

"Na sheria ya misheni?"

"Uliipenda sana hiyo sheria." Benita aliirudisha simu mfukoni. "Nimewafundisha watu uaminifu kwa jina lako. Jana tu. Kitenge cha mama yangu umempa ukamwambia kimetoka kwa mama yako?"

"Usimwambie. Ana mimba, unajua mshtuko. Wewe ni mtu wa Mungu, kama si wewe wa kusamehe ni nani?"

"Nenda kamwambie mwenyewe. Nitakaa palepale."

Walirudi pamoja. Murielle alipomwona mwanaume wake nyuma ya mwalimu, alipiga makofi. "Amekamatwa! Shefu, kaa hapa usikie somo."

Shefu aliweka mkate mezani. Aliutazama mkate, akautazama mlango.

"Huyu dada ananifananisha na mtu," alisema.

Hapo ndipo Benita alipoiacha subira. Alisema polepole, bila kumtukana mtu: jina, Lubumbashi, uchumba, mkasi wa mama. "Nusu yake ninayo, Murielle. Kichwa cha huyu ndege kiko kwangu."

Évariste hakungoja amalize. Alitoka, na mlango wa bati ukagonga nyuma yake.

Murielle alimtazama Benita kana kwamba yeye ndiye aliyetoka.

"Ulikuja kunifundisha ndoa," alisema, "au kuivunja?"

"Murielle..."

"Usiniite. Nilikufuata mwenyewe hadi kwako, mjinga mimi. Beba kitambaa chenu." Alikikusanya na kumtupia usoni. "Bebeni na Mungu wenu muende."

Kwenye teksi, waliposimama kwenye robot ya tatu, taa za kuongozea magari, Mama Thérèse alimgeukia. "Lia basi," alisema. "Hapa hakuna anayekufahamu." Benita akalia.

Jumamosi asubuhi alifungua sanduku. Alitandaza nusu mbili mezani, akapima. Kile cha Murielle, baada ya shati la Shefu, kisingetosha tumbo lile hata kwa ujanja gani. Simu ikatetemeka.

"Nusu yako usiikate, chérie," Évariste alikuwa ameandika. "Namalizana na huyu, tunarudi mwanzo."

Benita alisoma, akaigeuza simu kifudifudi, akachukua mkasi.

"Unamshonea yule aliyekutupia kitambaa usoni?" Mama Thérèse aliuliza.

"Niliahidi."

"Na wewe utaolewa na nini?"

Benita aliingiza mkasi kwenye samawati, akaendelea kukata.

Jumapili, kabla ya ibada, alibisha mlango wa bati. Murielle alifungua, macho yamevimba, amevaa lile gauni la kuachia mshono.

"Umefuata nini tena? Hayupo. Amebeba nguo zake zote."

"Nimeleta gauni."

Murielle alilipokea kama kitu cha moto. Alirudi ndani, akakaa sana. Alipotoka amelivaa, kidole chake kilikuwa ubavuni, kwenye mshono, mahali ambapo shingo ya ndege wa njano ilikutana na kichwa chake.

"Yaya," alisema. "Hiki ni chako."

"Inua mikono nione kama panabana."

Murielle aliinua mikono yote miwili juu. Mshono haukuachia.