Wageni Katika Zizi la Shosho Idah

Kwa heshima na taadhima, umma wote wa Gitothua unatangaziwa kwamba jumba la kifahari la mapumziko limefunguliwa. Wageni watajipikia wenyewe. Hadi Pasaka iliyopita, jumba hilo lilikuwa zizi la ng'ombe.

Mwenye zizi ni bibi mmoja, Shosho Idah. Alipiga sakafu saruji, akapaka kuta chokaa, akaweka kitanda na sufuria. Ng'ombe wake aliwapeleka kwa dada yake aishiye Kamenu.

Wageni wa kwanza walifika Agosti, baridi ikiuma. Walikuwa Philip na mkewe Nekesa, wafanyakazi wa kiwandani Thika. Tangu waoane hawakuwahi kwenda likizo pamoja.

"Leo hakuna king'ora cha kazi," Nekesa alisema akivua viatu.

"Kuna kukoroma kwako tu," Philip akajibu.

Idah aliwapenda papo hapo. Kwake, mgeni haachwi apigwe na baridi. Aliziba kwa magunia matundu yote yaliyokuwa chini ya paa. Jioni akawaletea jiko la makaa mekundu, yasiyo na moshi.

"Fungeni mlango, wanangu. Mpate joto."

Wakafunga. Muda si muda Nekesa akaumwa na kichwa. Philip akashikwa na kizunguzungu. Wakadhani ni uchovu, wakajilaza.

Mara ng'ombe akalia dirishani. "Mmmoooo!"

Nekesa alishtuka. Akajikokota, akafungua dirisha amwone. Hewa safi ikampiga usoni. Akapata nguvu, akamvuta mumewe nje akipiga mayowe.

Idah alimwita jirani yake Akello, mhudumu wa afya ya jamii. Akello akawakimbiza hospitalini. Walipopona, alirudi kwa Idah.

"Nusura niwaue?" Idah aliuliza. "Lakini makaa hayakuwa na moshi!"

"Hiyo ndiyo hatari, Shosho. Makaa hutoa hewa ya sumu. Huioni, huinusi. Inaua mtu akiwa usingizini. Usilale na jiko ndani, hata dirisha likiwa wazi. Kichwa kikiuma, toka nje upesi, uende hospitalini."

"Na yale matundu?"

"Ng'ombe uliwaachia hewa miaka yote, Shosho. Wageni ukawanyima?"

Idah alicheka huku machozi yakimtoka.

Alitoa magunia. Akajenga jiko nje, chini ya kibanda kilicho wazi pande zote. Ndani akaweka blanketi nzito na chupa za maji moto.

Desemba Philip na Nekesa walirudi. Asubuhi Idah alisimama mlangoni, akasikiliza. Nekesa alikuwa akikoroma. Idah akatabasamu, akamshukuru Mungu.

Walipokuwa wakinywa chai, Nekesa alisema, "Shosho, tumemletea yule ng'ombe wako chumvi. Alituokoa."

"Ng'ombe gani? Wangu wako Kamenu tangu Pasaka."

Idah akageuka polepole. Akanitazama mimi, mjukuu wake, niliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, kama Agosti ile.

Basi umma utangaziwe ukweli: ng'ombe alikuwa mimi. Nilitaka tu kuwatisha wageni.

Shosho alinishika sikio. Kisha akanikumbatia kwa nguvu, na sikio hakuliachilia.