Joto katika Nyumba ya Mugunga

Kila alasiri, akirudi shuleni, Héritière alitupa mfuko wake kitandani na kuchukua simu ya mama yake. Ujumbe ulikuwa umekwisha kufika kutoka Mugunga, kwenye nyumba ya marehemu bibi, ambayo haikuwa na mtu tangu msiba. Mjomba wake Olivier, fundi wa simu, alikuwa ameweka humo kipimajoto chenye laini ya simu. Kilituma namba moja tu: joto la chumba cha jibini.

Jibini hizo zilitoka Masisi, na ndizo zilikuwa za mwisho. Wenye bunduki walikuwa wameiba na kula ng'ombe wote wa familia huko, na barabara ilikuwa imefungwa. Mama yake, Kasoki, hakuwa na kingine cha kuuza. Namba ikizidi kumi na tano, Héritière alipaswa kumwambia, ili waende kufungua matundu ya hewa na kumwaga maji sakafuni.

Siku hiyo ilikuwa kumi na tisa. Héritière alikunja uso. Atoke nyumbani Ndosho mpaka Mugunga kwa miguu, katika vumbi la malori, huku wenzake wakiruka kamba?

"Héritière, nyumba inasema nini?" mama aliuliza akiwa jikoni.

"Kumi na nne, mama. Baridi tu."

Kesho yake ilikuwa ishirini na moja. Akasema tena kumi na nne. Siku ya tatu ilipofika ishirini na nne, hofu ilimshika, na hofu ikageuka hasira. Nani anachezea nyumba yetu? Aliiacha simu kitandani, akatoka mbio hadi Mugunga bila kuaga.

Moshi ulikuwa unatoka dirishani. Ndani, mwanamke alichochea moto kando ya mtoto mchanga aliyefunikwa kitenge. Kwenye rafu, jibini zilitoa jasho la mafuta.

"Mwizi! Toka! Nani amekupa ruhusa?"

"Punguza sauti, mutoto amelala," alijibu mwanamke. "Mimi ni Marcelline. Tumekimbia mabomu ya Sake. Kambini hata turubai hakuna."

"Na jibini zetu? Umeziua!"

"Sijagusa hata moja!" Marcelline naye aliwaka. "Njaa ninayo, lakini sijagusa!"

Mara mama akaingia akihema, simu mkononi; alikuwa ameusoma ujumbe wa siku zote tatu. Héritière alimkimbilia.

"Mama, muone huyu! Amewasha moto ndani ya nyumba ya bibi!"

Mama alimtazama yule mtoto mchanga, kisha akamgeukia binti yake. Macho ya mama yalikuwa mekundu.

"Huyu alikuwa na baridi. Weye ulikuwa na nini?"

Mama alimwonyesha simu.

"Nyumba ilisema kweli siku tatu. Weye ukaifunga mdomo."

Waliuhamishia moto uani, wakafungua matundu, wakamwaga maji. Marcelline alibeba ndoo bila kuombwa. Jibini za rafu ya juu zilikuwa zimeharibika. Za chini zilipona. Mama alimwambia Marcelline abaki na mtoto wake, mradi apike nje.

"Nisamehe, mama," Héritière alisema akilia.

"Nimekusamehe, lakini hasira bado ninayo. Walioiba ng'ombe wetu siwezi kuwafokea, hawanisikii. Weye unanisikia. Mwongo akilala ndani ya nyumba, adui hana haja ya kuvunja mlango. Sasa shika ufagio, tuondoe majivu haya."