Dole Gumba la Kidaktari

Maiti sita zilikuwa kwenye meza za chuma, kila moja kwa ruhusa na kwa karatasi zake. Ya saba ilikuwa sakafuni katika chumba cha nyuma, imevaa koti la kijivu na viatu.

Huyo alikuwa mtunza na mfagiaji wa maabara ya anatomia. Wanafunzi wa udaktari walimwita Mzee Vibendera, kwani ndiye aliyechomeka vibendera vyenye namba kwenye mishipa na misuli kabla ya mtihani. Mwanafunzi husimama mbele ya kibendera, huandika jibu, kengele ikilia husogea. Kengele nayo ilikuwa kazi ya mzee.

"Leo nimeigonga mimi, saa nzima," profesa alilalamika. "Mkono wote unauma."

"Pole sana," Inspekta alisema. "Hukuona ajabu kwamba hayupo?"

"Mtihani unaanza saa tatu kamili, afande. Nilidhani kachelewa."

"Amefanya kazi hapa miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Amewahi kuchelewa?"

Profesa alifikiri. "Hapana."

Basi wasomi arobaini na profesa wao walikuwa wametaja kila mshipa wa watu wasiowajua, na wanayemjua alikuwa amelala nyuma ya mlango, hatua tano tu. Inspekta alitamani kutema mate.

Daktari wa polisi, mama mfupi asiye na maneno mengi, alinyanyuka kutoka kwenye maiti.

"Kisogo kimegonga kona ya meza. Amekufa papo hapo, kama saa mbili asubuhi. Lakini tazama mkono huu."

Kopo la rangi nyekundu, ambayo mzee aliipaka kwenye ateri, mishipa itokayo moyoni, ili zionekane, lilikuwa limemwagika. Kwenye kifundo cha mkono wa marehemu kulikuwa na doa moja pana la rangi hiyo, na madoa manne upande wa nyuma.

"Alama za vidole?"

"Hazina mistari. Aliyemshika alivaa glavu."

"Aliburutwa?"

"Alipimwa mapigo. Kwa dole gumba!" Mama alicheka kwa pua. "Dole gumba lina mapigo yake lenyewe. Ukilitumia unajipima wewe. Hilo hufundishwa wiki ya kwanza."

"Basi namtafuta mtu aliyetoroka wiki ya kwanza," Inspekta alisema.

Aliketi kwenye ukumbi wa mihadhara, akakunja mkono wa shati, akawaita wanafunzi mmoja mmoja.

"Moyo unanienda mbio. Hebu nipime."

Thelathini wa kwanza wote waliweka vidole viwili pale panapostahili. Wa thelathini na moja aliingia na stetoskopu shingoni. Mwaka wa pili hawagusi mgonjwa hata mmoja, ila huyu angeivaa hata bafuni. Wenzake walimwita Kidaktari. Aliudaka mkono wa Inspekta kama mpini wa sufuria, dole gumba likiwa juu.

"Themanini na nane," alitangaza kwa madaha. "Punguza chumvi, afande."

"Asante, daktari. Mtihani huu umeufanya mara ngapi?"

Tabasamu lilififia. "Leo ya tatu."

"Ukifeli?"

"Nafukuzwa chuo."

"Saa mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Bwenini. Nikijisomea."

"Glavu zako?"

"Nimezitupa."

"Tumeziokota. Zina rangi nyekundu. Weka simu mezani, uifungue."

Picha ilikuwepo: karatasi ya majibu kwa mwandiko wa mzee, imepigwa saa mbili kasoro dakika tano. Alikuwa mvivu hata wa kufuta.

"Sikumuua!" Kidaktari alipayuka. "Nilimsukuma tu."

"Kwa nini?"

"Alinikuta napiga picha."

"Akatishia kukushtaki?"

"Hapana. Alisema, 'Futa hiyo, mwanangu. Saa nzima bado tunayo. Keti nikuonyeshe, utafaulu.'"

"Ndiyo ukamsukuma?"

"Mfagiaji, afande! Ameishia darasa la saba! Nyumbani naitwa Daktari tangu nina miaka sita. Bibi yangu hamezi kidonge mpaka niseme mimi. Leo mfagiaji anikalishe kwenye kigoda, anifundishe mimi?"

Inspekta alishawasikia watu walioua kwa wivu, kwa njaa na kwa shamba. Hakuna aliyemchefua kama huyu.

"Ukamwacha pale, ukaenda kwenye mtihani."

"Alikuwa hai! Nilimpima. Mapigo yalidunda kwa nguvu kabisa. Nikajua atazinduka."

"Uliyasikia kwa kidole gani?"

Kidaktari aliinua dole gumba, tena kwa fahari kidogo.

Daktari wa polisi alikuwa amesimama mlangoni. "Mzee alishakufa," alisema. "Ulijisikia wewe mwenyewe, daktari."

Kijana alilitazama dole lake. Bado alikuwa amelinyoosha konstebo alipomfunga pingu.

Kabla ya kuondoka, Inspekta aliomba karatasi ya mtihani ya kijana huyo. Kibendera cha kumi na moja kilikuwa kimechomekwa kwenye kifundo cha mkono, na swali lilitaka aina ya mshipa na namna ya kuupima. Kidaktari alikuwa amenakili jibu la mzee neno kwa neno: *Ateri. Hupimwa kwa ncha za vidole viwili, kamwe si kwa dole gumba.*

Profesa alikuwa ameshasahihisha. Alimpa alama zote.