Jawabu Alilolifuta Mize

Kila siku Mize Jecha alitoka Wawi mapema, viatu mkononi visije vikalowa umande, akaenda skuli Chake Chake kwa miguu. Ilikuwa mwaka 1944, vita havijesha na karatasi hazipatikani. Wanafunzi waliandika kwenye vibao, na kila hesabu mpya iliifuta ya zamani.

Darasa la juu lilibakiwa na wasichana wanne. Mmoja kati yao angepelekwa Unguja kusomea ualimu. Mmoja tu. Baba yake Mize alikuwa amekwisha kusema, "Ukipata, nenda. Usipopata, skuli basi, utakaa na mama yako msuke ukili wa mikeka." Mize alisoma mpaka kichwa kikamuuma, lakini hakujiamini hata kidogo. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake.

Siku ya mtihani, mwalimu wao, Bi Mwanawema, aliandika ubaoni hesabu ya mwisho, ndiyo ya kuamua:

x² − 5x + 6 = 0
x² − 7x + m = 0

"Milinganyo hii ina mzizi wa shirika," alisema. "Yaani ipo thamani moja ya x inayoifaa yote miwili. Tafuteni m."

Mize aliutatua mlinganyo wa kwanza akaona x ni 2 au 3. Akaichukua 3, akaitia katika mlinganyo wa pili: 9, toa 21, jumlisha m, iwe 0. Basi m ni 12. Angeishia hapo, au angeijaribu na ile 2, mambo yangekuwa mengine. Badala yake alikitupia jicho kibao cha Siti, jirani yake, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosea hesabu. Siti alikuwa ameandika 10.

Moyo ulimshuka Mize. Akapangusa kibao chote kwa kiganja, akaandika 10.

Bi Mwanawema alipita kibao kwa kibao, akaona wale wengine wawili wamekosa, akasimama kwa Mize.

"Kumi umeipataje?"

Mize alikiinamia kibao chake.

"Na weye, Siti?"

"Nimetia 2, Bi. 4, toa 14, jumlisha m. Nikapata kumi."

"Vyema. Hakuna aliyetia 3?"

"Miye nilitia, Bi," Mize alisema kwa sauti ndogo. "Nikapata kumi na mbili."

"Iko wapi?"

"Nimeifuta."

Bi Mwanawema alikaa kitini. "Majawabu ni mawili, mwanangu, kumi na kumi na mbili. Swali halikusema mzizi upi ndio wa shirika. Siti kaleta moja, na njia yake naiona. Weye umeleta la Siti."

Nafasi ikawa ya Siti. Mize alilia mbele ya wenzake bila kujificha. Kisha akaomba aifanye hesabu tena, akaifanya yote bila kumtazama mtu.

"Sahihi," alisema Bi Mwanawema, "lakini nafasi ya Unguja sina tena ya kukupa. Kunakili ni wizi, hilo weye walijua. Leo umeiba, na ulichokitupa ili uibe kilikuwa sahihi. Ukiona mwenzio kapata jingine, ihakiki kwanza yako. Siti akikosa, utakosa naye. Siti akipatia, weye bado hujapata kitu."

"Nimesikia, Bi," alisema Mize, akashika njia ya Wawi kwenda kumwambia baba yake.