Nilisaini Uongo Juu ya Mkono wa Zuhura

Nina miaka hamsini na mitatu, mama wa watoto watatu, naishi Mafiga. Haya nitakayoyasema hata mume wangu hayajui...

Zuhura na mimi tulizaliwa kijiji kimoja, Matombo. Mimi ndiye niliyemwombea kazi kwenye kiwanda cha nyuzi. Tulipanga vyumba jirani Kihonda, tukipikiana kama ndugu.

Kiwanda kikabinafsishwa. Wenzetu wengi walipunguzwa. Sisi tuliobaki, msimamizi alituamuru tufungue vifuniko vya mashine na kutoa pamba iliyonasa huku zinazunguka, eti kuzima ni kupoteza muda. Nani angebisha? Watu walijaa getini wakisubiri nafasi zetu!

Asubuhi moja mashine ilimvuta Zuhura mkono wa kulia. Nilikimbilia swichi, nikazima... lakini mashine zile hazisimami papo hapo. Iliendelea kuzunguka, nami namtazama tu! Vidole vinne vilikatika, kikabaki gumba tu.

Siku ya tatu msimamizi aliniita ofisini. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa: Zuhura alifungua kifuniko mwenyewe, kwa uzembe wake. Nilimwambia haikuwa hivyo. Akanijibu kwa upole kwamba orodha ya kupunguzwa bado haijafungwa. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, mume wangu hana kazi...

Nikasaini.

Zuhura alifukuzwa akiwa bado wodini, bila fidia yoyote. Akarudi kwao. Na mimi je? Nilipunguzwa kabla sijajifungua!

Ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri wa kupanda Matombo. Nilimwamkia mama yake shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Alitutengea ndizi, lakini Zuhura alikwenda kula chumbani peke yake. Aliona aibu kutia mkono wa kushoto kwenye sinia la watu.

Aliporudi nilijikaza nimwombe radhi. Akaniwahi.

"Walinionyesha karatasi yenye jina lako," alisema. "Mama anaamini ni wewe. Mimi nimemwambia wameghushi. Si ndivyo, dada?"

Nikaitikia kwa kichwa...

Masika yaliyofuata malaria ilimuua, akiwa bado ananitetea. Msibani mama yake alinipa mkono, akautoa haraka.

Wasomaji wenzangu, ukiletewa karatasi ya uongo juu ya mwenzako, kataa, hata wakikufukuza! Na kama umeshasaini, nenda ukaseme leo. Mimi kazi niliikosa vilevile, na wa kuniambia amenisamehe sinaye tena.