Nishikie Kidogo

Betri ilikuwa imekufa, kufa kabisa, imevimba na kutoa chumvi ya kijani miguuni. Lakini ile mashine ya kupimia mawimbi ya umeme, kongwe kuliko fundi mwenyewe, iliwashwa ikakumbuka kila kitu. Fundi akacheka peke yake. Mashine za namna hii zikizimwa, kumbukumbu yake hulishwa na kabetri hako hako. Kakifa, nazo zinasahau. Sasa hii ilikuwa inakula wapi?

Angeuliza, ila aliyeileta ni kaka yake, na kaka ndiye aliyemlea, akamfundisha kazi, akamwachia hata karakana. Miezi ya karibuni kaka alikuwa akisahau: leo jina la mwanawe, kesho njia ya nyumbani. Madaktari wamenyoosha mikono. Alichoomba ni mashine yake ipate betri mpya, basi. Mtu na nduguye, utamkatalia vipi?

Kazi yenyewe si ngumu. Kabla ya kutoa betri ya zamani unaunga umeme mwingine pembeni, volti tatu tu, kumbukumbu isipotee. Mchana kweupe, kaka kasimama begani, fundi akatafuta nyaya zake za kubania asizione.

“Nishikie kidogo basi,” kaka akasema kwa sauti ya chini. “Zibane hizi ncha za umeme wa pembeni kwa vidole.”

“Nimekushikia, kaka.”

Volti tatu haziumi, kila fundi anajua. Kwanza ikaja harufu ya nywele zilizoungua, kisha mvumo ndani ya mashine, wa mtu anayeimba kafumba mdomo, na mstari kwenye kioo ukaanza kuruka sawasawa na moyo wake, akataka kuachia na vidole vikagoma, na kitu kikamnong'oneza sikioni, kwa upole wa mgeni anayebisha hodi, mkeo anaitwa nani, na mama yako je, naye akajibu kimoyomoyo, na kila alichojibu kikaenda na hakikurudi.

Kaka akanyooka mgongo. Akayataja majina ya wanawe wote, huku akilia kwa furaha. Halafu akatoa zile nyaya mfukoni mwake, akaziweka mezani.

“Mganga alisema jini wa mashine hii haniachi mpaka mwingine akubali kwa kinywa chake kunishikia,” akanong'ona. “Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa nawasahau wanangu.”

Angekuwa adui, fundi angeelewa, lakini huyu, wa tumbo moja!

“Ungeniomba tu, kaka. Ningekubali.”

Akajiapiza kwamba usaliti huu hatausahau hata akifa, akaing'ang'ania hasira yake kwa nguvu zote zilizobaki, maana ndiyo iliyokuwa mali yake ya mwisho.

Kisha akainua macho, akamwona mtu mzima analia mbele ya meza yake, akamwonea huruma.

“Pole, mzee wangu,” akasema kwa adabu. “Karibu ukae. Nikusaidie nini?”