Shahidi wa Sebuleni

Simu ya mkewe ililia chumbani, na Fundi akaisikia vizuri kutoka sebuleni; ujumbe wenyewe alikuwa ameutuma yeye.

"Chakula kiko mezani."

Jibu likaja: "Kula tu, nakuja."

Hakuja. Fundi, ambaye riziki yake ni kutengeneza mafriji ya watu, alikula peke yake akiutazama mlango uliofungwa. Nyuma ya mlango huo mkewe alikuwa akisomea uanasheria kwa njia ya mtandao, na Ijumaa alikuwa na mtihani wa kumhoji shahidi, walimu wakimtazama kwenye kompyuta. Mwaka uliopita aliufeli mtihani huohuo. Tangu hapo chumba cha kulala kikageuka chuo, na Fundi akahamia kwenye kochi ili asimsumbue.

Asubuhi dada yake mkubwa alimpigia simu. Fundi alipomweleza kwamba analala kwenye kochi, dada alianza kwa kumcheka.

"Mdogo wangu, wewe umeoa mlango."

Kisha akalainika, akamwambia chumba chake cha uani kiko wazi, aende akakae kwa muda anaotaka. Fundi akakubali. Angehama Jumamosi, mtihani ukishapita. Kilichomshinda ni kumwambia mkewe. Kila alipojipa moyo wa kubisha hodi, aliishia kurudi kwenye kochi.

Alasiri hiyo mke akatoka mwenyewe, spika za masikioni zikining'inia shingoni. Mwenzake wa mazoezi alikuwa amekatikiwa umeme. Akamwomba Fundi awe shahidi kidogo tu, akampa karatasi ya maelezo: yeye ni mlinzi wa ghala lililoibiwa pampu.

"Nikae au nisimame?"

"Shahidi husimama."

"Na suruali hii ya kazini?"

"Umeona wapi mlinzi wa ghala amevaa suti? Simama, Fundi."

Alisimama kando ya kochi. Akaulizwa alikokuwa, alichokiona, taa ilikuwa upande gani. Alijibu kama karatasi ilivyosema, na moyoni akashangaa jinsi alivyokuwa anafurahi. Hakukumbuka mara ya mwisho mkewe kumtazama usoni kwa muda mrefu namna ile.

Mke naye alichangamka, sauti ikapanda. Walimu walikuwa wamemwonya asiulize shahidi swali ambalo hajui jibu lake, lakini raha ya kupatia ikamfanya asahau.

"Shahidi, kuna jambo lolote unaloificha mahakama hii?"

Karatasi haikuwa na jibu la swali hilo. Fundi angeweza kusema hapana, mambo yakaisha.

"Ndiyo," akasema.

"Jambo gani?"

"Jumamosi nahamia kwa dada."

Mke akacheka. Akamwambia aache utani, asome karatasi. Alipoona mumewe hacheki, akaziondoa spika shingoni na kuziweka mezani, pembeni ya sahani yake ya mchana iliyofunikwa.

"Kuna mwanamke?"

"Angekuwepo, ingekuwa rahisi kukueleza."

"Basi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ndiyo maana nimeshindwa kusema." Akakaa. "Juzi nilikwenda kutengeneza friji kwa bibi mmoja. Akaniuliza kikohozi changu kimeanza lini. Kazi ilikuwa imeshaisha, lakini nikabaki pale nakaza skrubu zilizokwisha kukazwa, ili aendelee kuniuliza."

Mke akaeleza kwa sauti ndogo, bila kumwangalia. Kwamba huko chumbani wenzake anawajua kwa majina tu, kamera zimezimwa. Kwamba mwalimu akiuliza kama wameelewa, hakuna anayeitikia. Kwamba zipo siku alifika hadi mlangoni, akamsikia mumewe anaangalia mpira, akarudi, akidhani mwenzake huku ana amani yake.

"Mpira nilikuwa nauweka tu nyumba iwe na sauti," Fundi akasema.

"Na mimi nilikuwa nafunga mlango usinione nalia. Mtu amefeli mara moja, halafu akutwe analia juu ya vitabu?"

Fundi alitaka kumshika mkono, akaona haya kama mgeni. Mke ndiye aliyesogea kwenye kochi, akavuta sahani, akaanza kula chakula kilichopoa.

"Usighairi kwenda," akasema. "Ila Jumamosi nakuja na wewe."

"Wapi?"

"Kwa dada yako. Kama huko ndiko kuna watu wa kuongea nao, hata mimi nawahitaji."

Ijumaa alifanya mtihani wake. Alitoka hajui amefaulu au amefeli, akamsimulia Fundi swali moja baada ya jingine mpaka sauti ikamkauka.

Jumamosi dada alifungua geti, akamwona mdogo wake, akamwona na wifi yake nyuma yake akiwa na begi dogo. Aliwatazama kwa zamu.

"Mbona mimi nimeandaa kitanda cha mtu mmoja?"

"Shikamoo, wifi," mke akasema, akapita ndani. "Tutabanana."